Jirani ndiye Msomaji: Ushuhuda wa Maisha katika Maandiko Yanayohusu Ufipa

Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho (3:2-3), awafananisha Wakristo na barua inayosomwa na watu wote. Fungu hili lapendwa sana mimbarani. Lakini tukiyasikiliza mahubiri yetu kwa makini tutaona kwamba mkazo wote huangukia juu ya barua: iwe safi, isiwe na madoa, mwandiko wake usomeke. Yule anayeisoma huachwa bila jina. Ni nani huyu asomaye? Anajua herufi zipi? Na kabla barua hii haijamfikia, alikuwa akisoma nini? Maswali haya si ya ziada, maana barua ile ile yaweza kupokewa na mtu mmoja kama habari njema, na mwingine akaiona kama hati ya madai.

Katika makala hii nakusudia kuyauliza maswali hayo juu ya nchi moja, yaani Ufipa, na hasa upande wa Nkansi, ambako mji wa Namanyere ndio makao makuu ya Wilaya ya Nkasi ya leo. Nitafanya hivyo kwa kuyapima baadhi ya maandiko ya wataalamu waliokaa huko wakaandika. Ufipa yafaa kwa zoezi hili. Imechunguzwa na waandishi makini. Tena ni nchi ambamo Ukatoliki umekuwa dini ya walio wengi kwa vizazi kadhaa, na sisi tulio Walutheri tu wachache, si haba kati yetu tukiwa tumefika kwa ajili ya kazi: ualimu, uuguzi, ofisi za serikali, biashara. Mtu mchache hutazamwa sana. Mchungaji anayetumwa Namanyere au Kirando hana budi kujua kwamba washarika wake watatazamwa na macho ambayo tayari yamekwisha kuzoea kusoma Wakristo.

Kitabu cha Kathleen Smythe

Kitabu chenye uzito kuliko vyote kwa swali letu ni kile cha mwanahistoria Mmarekani Kathleen R. Smythe, kiitwacho Fipa Families, kilichochapishwa na Heinemann mwaka 2006. Kinahusu uzazi na uinjilishaji wa Kikatoliki katika Nkansi kati ya mwaka 1880 na 1960. Kabla yake mwandishi huyo alikuwa ametoa sura juu ya uongofu katika Nkansi ndani ya mkusanyo wa Thomas Spear na Isaria Kimambo wa mwaka 1999 juu ya sura za Ukristo katika Afrika ya Mashariki. Vyanzo vyake ni mahojiano na wazee wenyewe pamoja na kumbukumbu za Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algeria mwaka 1868 na ambalo lilipokea kituo cha Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885.

Hoja yake kuu, kwa maneno yangu, ni hii. Wafipa hawakuupokea Ukristo kwanza kama mkusanyo wa mafundisho. Waliupokea kwa njia ya malezi. Walimpima mmisionari kwa vipimo vile vile walivyompimia mzazi na mkubwa wa ukoo: analisha nani, nani hulala kwake, mtoto wa mtu akiwa mikononi mwake anatunzwaje. Nao mapadri, ambao waliwachukua watoto shuleni na bwenini, wakawalisha na kuwavika, waliingia katika nafasi ya wazazi hata pale ambapo hawakujua kwamba wameingia. Hapo ndipo suala la useja linapokuwa zito katika kitabu hiki. Kwa jamii ambayo kuzaa ndiko kuendelea kuwapo, kumtoa mwana au binti awe padri au sista kulikuwa ni kulikata tawi. Hata hivyo familia zikapata njia ya kulipokea jambo hilo, na padri au sista akaendelea kuwa mtoto wa nyumba, mwenye haki zake na wajibu wake. Kutoka nchi hiyo walitokea mapadri wengi na masista wengi, na shirika la masista wenyeji la Maria Malkia wa Afrika lilianzia Karema.

Mchango huu ni mkubwa, nasi Walutheri tungefanya vibaya kuupita kwa kuwa unahusu kanisa lingine. Umetuondoa katika mtindo wa kuandika historia ya misheni kama orodha ya vituo, maaskofu na idadi ya waliobatizwa. Umeonyesha kwamba imani ilisomwa katika chungu na mkeka. Mwanafunzi wa theolojia atakayekisoma kitabu hiki hatasema tena kwamba maisha ya kila siku ni "matokeo" ya uinjilisti, kana kwamba uinjilisti ulifanyika kwanza mahali pengine, kanisani au darasani, kisha maisha yakafuata nyuma.

Lakini tuna maswali mawili.

La kwanza ni hili: jirani yuko wapi? Kitabu kimejengwa juu ya familia, kama kichwa chake kinavyotangaza. Mzazi anayo sura, mtoto anayo sura, padri anayo sura. Mtu wa nyumba ya pili, asiye ndugu, asiye mtoto wa shule wala mlezi, ambaye anakutana na Mkristo kisimani, shambani na msibani, hana sura yake mwenyewe. Anapita tu. Nadhani hili si kosa la uzembe, ni gharama ya chombo alichokichagua mwandishi: ukiitazama jamii kwa miwani ya uzazi, utawaona wazao. Na bado tukirudi kwenye mwanzo kabisa wa Ukristo pwani ya ziwa, chombo hicho hakitoshi. Wakristo wa kwanza wa Karema hawakuwa watu wa koo za nchi ile. Wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa, watoto na vijana wasio na baba wala mjomba pale, waliokusanywa katika kijiji cha misheni. Wenyeji waliowatazama hawakuiona familia. Waliona kijiji cha watu wasio na ukoo. Kama imani ilisomeka kwao, basi ilisomeka kwa njia ya ujirani kabla ya kusomeka kwa njia ya undugu.

Swali la pili lahusu neno wito. Katika Ufipa, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtu akisema "kijana huyu ana wito" kila mtu anaelewa upadri au usista. Lugha hiyo imeingia hata kwetu: katika mabaraza yetu husema "wito" tukimaanisha uchungaji. Kitabu cha Smythe, kwa kuufuata mwendo wa familia hadi kwenye kilele chake cha kutoa mapadri na masista, chaifuata lugha hiyo bila kuihoji. Hivyo mkulima aliyebatizwa, aliyeoa, akalima matuta yake kwa miaka hamsini na kuzikwa, abaki kuwa udongo ambamo wito wa wengine ulichipuka. Je, yeye mwenyewe hakuitwa? Hapa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lina neno la kusema, nalo lilisema hasa katika kifungu cha 27, kinachohusu nadhiri za watawa: kwamba hakuna hali fulani ya maisha inayoweza kudai kuwa ndiyo hali ya ukamilifu na kuziacha nyingine nyuma. Sisemi hili kwa ubishi na ndugu zetu Wakatoliki, ambao tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano wamefundisha kwa nguvu kwamba watu wote wameitwa katika utakatifu. Nasema kwa sababu sisi wenyewe tunalo fundisho hilo katika vitabu na hatulitumii. Msomaji atakumbuka kwamba Biblia ya Union, katika 1 Wakorintho 7:20, inazungumzia "hali" ambayo mtu aliitwa nayo. Hali hiyo ni ya mume, mke, mtumwa, mtu huru. Si ya madhabahuni.

Kile ambacho jirani alikuwa akikisoma kabla

Kabla ya Smythe alikuwapo Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanafunzi wetu wengi hawamjui, nao wangefaidika wakimjua. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya kuzaliwa kwa dola ya Ufipa analichambua simulizi la asili la Milansi. Kwa ufupi: wanawake wageni walifika wakati mfalme yuko mawindoni, wakapokewa nyumbani, wakakikalia kiti cha enzi, mfalme aliporudi alikuta nchi imekwisha kuwa yao, naye akabaki na Milansi na heshima ya kikuhani. Willis analisoma simulizi hili kama maelezo ya jamii juu ya jinsi dola ilivyoundwa. Kwetu sisi lina matumizi mengine. Watu wanaosimuliana habari hiyo wanajua kumsoma mgeni. Wanamkaribisha, tena vizuri, huku wakiuliza moyoni: huyu amekuja kukaa nasi, au amekuja kukikalia kiti? Mmisionari alisomwa hivyo. Mchungaji wa Kilutheri aliyehamishiwa Namanyere na gari lake, jiko lake la gesi na watoto wake wanaosoma mbali asifikiri kwamba yeye husomwa vingine.

Jambo la pili kutoka kwa Willis ni gumu zaidi kwa mhubiri. Mwaka 1989 yeye na Signe Howell walihariri mkusanyo wa makala juu ya jamii zinazoishi kwa amani, naye akaandika humo juu ya kile alichokiita fumbo la amani ya Ufipa: jinsi nchi iliyokuwa na vita vya ndani ilivyogeuka, katika karne ya 19, kuwa nchi ya watu wapole, wachapa kazi, wapenda mazungumzo. Mskoti Joseph Thomson alipita huko mwaka 1880, akakuta wakulima watulivu. Huo ni mwaka wa 1880, miaka mitano kabla ya Mapadri Weupe kuingia Karema. Wafipa walikuwa wakilima matuta yao ya majani yaliyofukiwa, wakiyeyusha chuma katika yale matanuru marefu, malungu, ambayo magofu yake yangaliko, na kupokea wageni kwa adabu. Yote haya bila katekisimu.

Basi mhubiri asemaye kwamba Mkristo atatambulikana kwa bidii ya kazi, upole na ukarimu, awaambie nini watu ambao babu zao walikuwa nayo hayo yote? Lazima tuukubali uzito wa swali hili. Mtu mwema si habari mpya Ufipa. Kama ushuhuda wa maisha ni wema peke yake, jirani atausoma kama mila yake mwenyewe iliyovaa kanzu, na atakuwa na haki. Usemi ule unaohusishwa na Fransisko wa Asizi, wa kuhubiri daima na kutumia maneno pale tu inapobidi, haupatikani katika maandiko yake yanayojulikana, na kwa kweli ni afadhali. Katika nchi yenye wema wake, tendo lisilo na neno laweza kusomwa kwa maana yoyote ile.

Lakini Willis huyo huyo ameandika pia juu ya mahali ambapo amani ya Ufipa ilivunjika, na hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Mwaka 1968 alichapisha katika jarida la Africa makala juu ya Kamcape. Hilo lilikuwa vuguvugu la kuondoa uchawi ambalo alilishuhudia Ufipa. Vijana walipita kijiji kwa kijiji, wakawatambulisha waliodhaniwa kuwa wachawi, wakakusanya dawa zilizofichwa, wakawapa watu dawa ya kinga, wakaahidi kijiji kipya kisicho na hofu. Si la kwanza. Miaka ya 1930 mchape ulikuwa umetoka Nyasaland na kuenea katika nchi za jirani. Willis anaona ndani yake mvutano kati ya vijana na wazee na shauku ya jamii kuanza upya. Sikatai. Lakini mwanatheolojia ataona jambo ambalo mwanaanthropolojia hakuwa na sababu ya kulisisitiza: Ufipa ya miaka ile ilikuwa tayari nchi ya waliobatizwa. Watu waliopanga mstari kupokea dawa ya Kamcape hawakuwa wote watu wa nje ya Kanisa. Karibu miaka themanini ya malezi, ya bweni, ya mapadri na masista, ya familia zote zile nzuri za kitabu cha Smythe, na jirani alikuwa bado akimwogopa jirani.

Vitabu hivi viwili vyafaa kusomwa pamoja, kimoja kikijibu kimya cha kingine. Smythe aonyesha jinsi imani ilivyoingia ndani ya nyumba. Willis, bila kukusudia, aonyesha kwamba ilikuwa haijavuka ua.

Undugu, ujirani, na tabibu wa Karema

Katika urithi wetu wa Kilutheri wapo waliouona ua huo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Uchaggani kati ya mwaka 1902 na 1938, alijenga fundisho lake la usharika juu ya vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Amelaumiwa sana, na kwa haki, kwa kuvifanya vifungo hivyo vionekane kama vilishuka tu kutoka mbinguni bila dhambi ndani yake. Kwa wakati wake, na kwa mambo yaliyokuwa yakisemwa Ujerumani juu ya damu na ardhi, lawama hiyo si ndogo. Lakini aliujua ujirani kwa jina lake. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, aliusoma ukoo kwa jicho la mtu aliyezaliwa ndani yake, akaona faida yake na utumwa wake. Naye alitoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao watu wake walijulikana kwa tendo moja lisiloelezeka kwa mila: walirudisha walichokuwa wamekiiba. Mtu alikwenda kwa jirani na jembe mkononi, akataja mwaka alioliiba. Kwa habari ya neno na tendo kwenda pamoja, sijui mfano bora. Baadaye baadhi yao wakawa wakali, wakamhesabia kila mtu makosa yake, na jirani akaanza kuwakwepa. Lakini jembe lilikuwa limekwisha kurudi.

Kwa upande wa Ufipa na ziwa lake, mtu wa kumsoma ni Adrien Atiman. Maelezo yake mwenyewe ya maisha yake yalichapishwa mwaka 1946 katika toleo la 21 la Tanganyika Notes and Records, na nashangaa kwamba hatuyafundishi. Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi za mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadri Weupe. Wakampeleka Malta kusoma utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, na hapo Karema alikaa, tabibu na katekista, hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Alioa; mwanawe Joseph akawa padri.

Mtu huyu havai vizuri nguo yoyote tuliyomshonea. Kwa kipimo cha ukoo, alikuwa mgeni kuliko wageni, asiye na lugha ya mahali wala kaburi la babu. Kwa kipimo cha wito katika maana ile finyu, hakuwa padri wala mtawa. Mwanawe ndiye angeingia katika hesabu. Kwa kipimo cha kiti cha enzi, hakukikalia. Aliwatibu watu. Mama aliyemleta mtoto usiku hakuhitaji kwanza kujua kwamba huyu ni katekista, na alipojua, hakuhitaji kuambiwa kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Sidai kwamba Atiman aliitatua hofu ya uchawi pwani ya ziwa. Lakini fikiria maana ya kuwa tabibu mahali ambapo kila ugonjwa unauliza "ni nani?" Mtu anayepima homa, akatafuta chanzo chake mwilini na kutoa dawa, anamwondolea jirani mashtaka hata kabla ya kufungua kinywa. Ni ushuhuda wenye umbo la kazi ya mtu. Luther angeuelewa mara moja. Katika maandiko yake juu ya uhuru wa Mkristo, ya mwaka 1520, anafundisha kwamba matendo hayamfanyi mtu kuwa mwema mbele za Mungu, yamwelekea jirani. Gustaf Wingren wa Uswidi, katika utafiti wake wa mwaka 1942 juu ya fundisho la Luther kuhusu wito, ameifafanua hoja hiyo hadi mwisho: matendo yetu hayana kazi mbinguni, yana kazi hapa chini, kwa kuwa jirani ndiye mwenye haja nayo.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya aina ya mahubiri inayozidi kusikika, kwamba "maisha yako ndiyo Biblia ya jirani". Yana nia njema. Lakini humgeuza jirani kuwa mtazamaji, na Mkristo kuwa mchezaji jukwaani. Mtu huanza kujiuliza anaonekanaje. Bwana wetu katika Mathayo 5:16 aagiza nuru iangaze mbele ya watu, na sura moja tu baadaye, 6:1, atuonya tusifanye haki yetu ili tutazamwe. Wafafanuzi wamejaribu kwa njia nyingi kuyapatanisha mafungu haya. Kwa akili yangu ndogo ufumbuzi uko kwa jirani mwenyewe: taa huwashwa ili aliye ndani ya nyumba aone njia, chungu na mtoto wake, wala si ili aitazame taa. Atiman hakuwa akionyesha Ukristo. Alikuwa akitibu.

Amri ya nane

Turudi Namanyere. Kila Mtanzania anajua mzaha unaofanywa jina la Sumbawanga linapotajwa, na watu hulieleza jina lenyewe kuwa ni agizo la kuutupa uchawi. Mzaha huo una upande usiochekesha. Mtoto anakufa ghafla. Mahindi ya mmoja yanastawi na ya mwingine yananyauka. Kikongwe anaishi peke yake na macho yake yameharibiwa na moshi wa kuni. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928 na haijaondoa mnong'ono hata mmoja. Ni wakati huo, siku ya pili au ya tatu ya matanga, watu wakiwa wameketi kwenye mikeka na mtu mmoja akishusha sauti kuanza kusema jina, ndipo Mkristo anaposomwa. Hasomwi siku ya Jumapili.

Katika hesabu yetu ya Kilutheri amri inayohusika ni ya nane, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 haiishii katika kukataza uongo. Yataka Mkristo amtetee jirani, amseme vema, na mambo yake ayachukue kwa upande ulio bora. Kila kijana wa kipaimara anaikariri. Nijuavyo mimi, ni wachache wanaofundishwa kwamba maelezo hayo yana mahali pake hasa msibani, jina la kikongwe linapotajwa. Na hapa tofauti na wema wa mila yaonekana. Mila ya Ufipa ilimfundisha mtu kuwa mpole kwa jirani asiyemshuku. Kumtetea yule ambaye kijiji kizima kimekwisha kumshuku, na kujitia mwenyewe katika hatari ya kuambiwa "nawe ni mwenzake", ni jambo ambalo upole peke yake hauwezi kulibeba. Mtu hufanya hivyo kwa sababu anajua kwamba yeye mwenyewe alitetewa akiwa na hatia. Jirani atauliza, "Kwa nini unajiponza kwa ajili ya bibi huyu?" Na hapo neno hupata nafasi yake, tendo limeliita.

Tena nina lawama kwa nidhamu yetu ya kanisa. Lavigerie aliwaagiza mapadri wake wawaweke watu katika mafunzo miaka minne kabla ya ubatizo, na mwenendo wao uangaliwe muda wote huo. Sisi tuna mabaraza ya wazee na utaratibu wa kumtenga mtu na meza ya Bwana. Ni makosa gani yanayofikishwa huko? Ya amri ya sita, karibu peke yake: mimba, ndoa isiyobarikiwa, mke wa pili. Ni nadra mzee wa kanisa kuulizwa juu ya kibarua aliyemlimia matuta msimu mzima akalipwa nusu. Ni nadra zaidi mtu kuulizwa juu ya neno alilolitamka msibani. Jirani asiye wa usharika huu anaiona orodha yetu ya makosa, na kwayo anajua nini tunakijali. Hiyo nayo ni barua.

Pia majirani wamebadilika. Smythe aliikomesha historia yake mwaka 1960. Tangu wakati huo wamefika katika mkoa huu Wasukuma wengi na mifugo yao, na ng'ombe na shamba la mahindi havipatani popote duniani. Wapo wafanyabiashara wa samaki na dagaa wa Kirando, watu wanaovuka ziwa kutoka Kongo, watumishi wanaokaa miaka mitatu na kuhamishwa. Mfipa Mkatoliki na mwalimu Mlutheri kutoka Kilimanjaro wana majirani ambao hakuna ukoo unaowaunganisha nao, wala shule ya misheni waliyosoma pamoja. Hali hiyo yafanana zaidi na kijiji cha Karema cha mwaka 1885 kuliko familia za Nkansi za mwaka 1950.

Kwa hiyo kitabu ambacho bado hakijaandikwa, na ambacho mwanafunzi wetu mmoja kutoka Dayosisi ya Ziwa Tanganyika angeweza kukianza kama tasnifu, ni kile kitakachowahoji wasomaji badala ya barua. Asianze na wazee wa kanisa. Hao wamekwisha kuhojiwa vya kutosha. Amtafute kibarua aliyelima shamba la mtunza hazina wa usharika. Amtafute mama muuza maharage wa sokoni Namanyere ambaye daftari lake la mikopo lina majina ya wainjilisti wa madhehebu matatu. Amtafute mfugaji ambaye ng'ombe wake waliingia katika mahindi ya mwalimu, amuulize mwalimu alikwenda kwanza kwake, au kwa mgambo, au kwa mganga. Amtafute bibi asiye na mtoto, amuulize ni nani huja kumchotea maji. Mahojiano yafanyike kwa Kifipa na Kisukuma pale inapowezekana, naye mwanafunzi aivue kola yake aiache nyumbani.